Kauri yenye nyuzi inachokaje, na namna ya kuipima kwa mota ya waipa: mwongozo kamili

Nianze na nilipoharibu mwenyewe. Nina kitanuri cha kuyeyushia aluminiamu hapa Gungu, Kigoma mjini, nanunua skrepa za masufuria mabovu na vipande vya injini za boti, nayeyusha, namimina. Ukuta wa ndani niliujenga kwa simenti ya moto, ile ya mifuko unachanganya na maji inaganda kama zege, ndani nikatia vipande vya waya wa stenlesi kama nyuzi. Wiki ya kwanza tu ukaota nyufa kama uzi wa nywele, nyingi, zimejipanga. Nikaogopa. Kila jumapili kitanuri kikipoa nachukua simenti ileile naziba ufa mmoja mmoja, nalainisha mpaka unang'aa, najiona fundi kweli. Mwezi wa pili ukuta ukaanza kumeguka mapande mapande unadondokea kwenye aluminiamu.

Nilichokuja kuelewa baadae ni kwamba ule ukuta sikuuokoa, niliuua mimi na mwiko wangu. Na nimekielewa kwa sababu dogo mmoja wa hapa mtaani yuko chuo anasoma uhandisi alinipigia simu, "kaka, nina projekti ya uchovu wa kauri zenye nyuzi, chuo mashine ina foleni, naweza kuja kufanyia kwako?" Nikamwambia njoo, ila mashine hatuna. Akaja, tukatengeneza. Haya nayoandika ndo tuliyofanya, na sababu zake, ili na wewe ukitaka uanze bila kupotea tulikopotea sisi.

Kwanza uelewe kinachochoka ni nini

Neno uchovu lisikusumbue. Ni kitu kubebeshwa mzigo ambao kingeubeba vizuri tu mara moja, ila unaubeba, unautua, unaubeba, unautua, mara elfu, mara laki, mpaka siku kinakatika kwa mzigo uleule wa kila siku. Mjerumani August Wöhler alilifuatilia hili karne ya 19 kwenye ekseli za mabehewa ya treni, maana zilikuwa zinakatika bila kuzidishiwa mzigo. Sisi wa Kigoma ambao reli ilitufikia 1914 na ndo inaishia hapahapa, tuna kila sababu ya kumshukuru.

Chuma kikichoka unakuta ufa mmoja, unaanza sehemu moja, unakua polepole, ukishakuwa mkubwa kinakatika. Kauri tupu (kikombe, tofali, kigae) haina hata huo muda, ufa ukianza kukimbia umeshafika upande wa pili. Sasa ukiweka nyuzi ndani mambo yanabadilika kabisa. Mwili wa kauri unapasuka, sawa, lakini ufa ukikutana na uzi hauukati, unaupita pembeni, na uzi unabaki umevuka ufa kama daraja umeshika pande zote mbili. Mzigo unahamia kwenye nyuzi, unatokea ufa mwingine pembeni, na mwingine, mpaka kipande kizima kimejaa nyufa ndogondogo na bado kinabeba. Vunja ukuti mbichi wa mchikichi utaona, unasikia umepasuka lakini haukuachii, unabaki unaning'inia kwa zile kamba zake.

Kwaiyo kwenye kauri yenye nyuzi ufa siyo habari. Ufa ni kawaida yake. Habari iko pale uzi na mwili vinapogusana, maana kila ukibebesha na kutua mzigo uzi unateleza kidogo ndani ya tundu lake, unaenda unarudi, unasugua. Kusugua kunalainisha tundu, kunapunguza mshiko, kunaukwaruza uzi wenyewe, na kunatoa unga. Huo unga unaingia kwenye ufa na ukishajaa ufa haufungi tena mzigo ukitoka, kipande kinabaki kimerefuka kidogo moja kwa moja. Ukiona hivyo unaelewa nilichokuwa nafanya mimi na mwiko kila jumapili. Ufa unakuwa wazi ukuta ukiwa wa baridi, nikaujaza kitu kigumu, moto ukiwaka ukuta unataka kupanuka, nafasi yake nimeiziba, unajisukuma wenyewe mpaka unameguka.

Wakubwa wanazitumia wapi

Siyo mambo ya matanuri ya mtaani tu. Injini ya ndege ya LEAP, iliyoanza kubeba abiria 2016, ina pete iliyoyazingira mapanga ya tabaini pale penye moto mkali, na pete hiyo ni ya silikoni kabaidi, aina ya kauri ngumu sana, iliyotiwa nyuzi za silikoni kabaidi hiyohiyo. Uzito wake ni kama theluthi moja ya aloi ya nikeli, na inavumilia joto ambalo nikeli ingehitaji kupozwa sana. Zile Boeing 737 MAX za Air Tanzania zinatumia LEAP, japo hapa Kigoma tumezoea zaidi Q400 za mapangaboi.

Kule uzi mmoja una unene wa kama maikromita 10 hadi 15 (maikromita elfu moja ndo milimita moja), unywele wako ni mnene mara kadhaa, na kila uzi umepakwa tabaka la boroni naitraidi au kaboni lisilofika hata maikromita moja mara nyingi. Hilo tabaka ndo siri yote. Kazi yake ni kuwa dhaifu. Uzi ukigandana kabisa na mwili, ufa unaukata moja kwa moja na umerudi kwenye kikombe cha chai. Ukiwa haujashika kabisa hauna faida, unachomoka kama msumari kwenye mbao iliyooza. Unataka ushike lakini ukubali kuteleza, na watu wametumia miaka mingi kutafuta hapo katikati.

Hatua ya 1: vifaa

Simenti ya moto kilo 5 kwa kila kundi la vipande (makundi ni matatu, utayaona hatua ya 2). Waya wa stenlesi wa nusu milimita, ukate urefu wa milimita 25. Usitumie waya wa kufungia nondo, moto unaula unabaki kutu tupu, na usitumie stili waya ya kusugulia sufuria, ni nyembamba mno, inaungua kabla hujahesabu chochote. Mshumaa. Mota ya waipa ya gari, betri ya volti 12, springi, engo laini za kutengenezea fremu, kalkuleta ya bei rahisi, swichi ndogo ya sumaku, mizani ya kuning'iniza kama ile wanayopimia samaki kule Kibirizi. Rula. Chupa mbili za maji za lita 1.5. Barakoa na miwani, na hapo sitanii, ukikata kauri kwa grainda lile vumbi likiingia kwenye mapafu halitoki, na kama una pamba ya kauri ya oveni za zamani usiishike mikono mitupu wala kuipeperusha ndani ya chumba.

Hatua ya 2: vipande

Tengeneza fomu ya mbao, kipande kiwe urefu milimita 340, upana 40, unene 12. Unene usizidi hapo maana kikiwa kinene hakipindi kiasi cha kuonekana kwa macho, sisi cha kwanza tulifanya 20 tukakaa tunaangalia mshale hausogei tukadhani umekwama.

Fanya makundi matatu. Kundi A simenti tupu. Kundi B simenti na waya kama ulivyo. Kundi C simenti na waya uliochovywa kwenye nta ya mshumaa iliyoyeyuka ukabaki na ngozi nyembamba, alafu ncha zake zipinde kidogo kama ndoano. Waya weka asilimia 2.5 ya uzito mkavu, yani gramu 125 kwa kilo 5, na unyunyuzie kidogokidogo wakati unachanganya, ukimwaga wote unapata mpira wa waya katikati na kwingine hakuna kitu.

Kwanini nta? Stenlesi ikipata moto inapanuka kuliko simenti. Waya wa sentimita 10 ukipanda nyuzijoto kama 780 unarefuka karibu milimita 1.3, wakati simenti inayouzunguka imerefuka kama nusu milimita tu. Inajisukuma kutoka ndani. Nta ikiungua inaacha kanafasi kembamba, waya unapata pa kuhema. Mafundi wa matanuri makubwa wanazifanyia hivyohivyo nanga za chuma, wanazipaka lami au kuzivika plastiki. Ni ujanja uleule wa lile tabaka la boroni naitraidi, tofauti tu wao wanapima kwa maikromita na sisi kwa mshumaa. Ndoano za nchani ni ili waya usichomoke jumla nta ikishaondoka.

Funika na gunia bichi siku nzima, acha vikauke kivulini siku mbili au tatu, alafu moto mdogo sana karibu na nyuzijoto 110 kwa masaa mengi ndo uanze kupandisha. Ukikimbilia moto mkali maji yaliyobaki ndani yanakuwa mvuke na kipande kinalipuka. Kinalipuka kweli, siyo lugha ya picha, chetu kimoja kilitoboa debe.

Hatua ya 3: vunja kwanza bila kuchosha

Huwezi kujua asilimia ngapi ya nguvu umebebesha kama hujui nguvu yenyewe. Weka kipande juu ya vyuma viwili vya mviringo vilivyoachana milimita 300, ning'iniza ndoo katikati, mimina maji polepole mpaka kivunjike, pima ndoo. Mkazo ni 3 × nguvu × urefu wa kati ya vyuma ÷ (2 × upana × unene × unene). Kikivunjika kwa kilo 8 nguvu ni kama nyutoni 78, ukipiga hesabu kwa nyutoni na milimita unapata karibu MPa 6.1 (megapaskali, kipimo cha mkazo).

Vunja visipungue vitano kila kundi, tena vilivyokwisha pita motoni. Kauri ina tabia ya kutofautiana sana, viwili vya mfuko mmoja siku moja vinaweza kupishana vibaya kwa sababu ya kitundu kimoja cha hewa, kwaiyo ukivunja kimoja ukasema hii ndo nguvu yake unajidanganya. Na kwa B na C sikiliza, kuna "tik" ya kwanza kabla hakijaachia. Andika kilo za hiyo tik. Ndo pale mwili umeanza kupasuka na nyuzi zimepokea zamu, na hiyo namba utaihitaji kuliko hata ya kuvunjika.

Hatua ya 4: mashine

Mota ya waipa inazunguka taratibu, yetu ni mizunguko kama 45 kwa dakika. Mkono wake funga pini sentimita 2 kutoka katikati, hivyo inavuta na kuachia sentimita 4. Pini inavuta springi, springi inavuta kipande katikati kwenda chini. Usifunge pini moja kwa moja kwenye kipande, hapo utakuwa unakilazimisha kupinda kiasi kilekile kila mara, na kikianza kulegea mzigo unashuka wenyewe na utadhani kimekuwa hodari. Springi ndo inafanya mzigo ubaki karibu uleule.

Kupanga mzigo, tuseme kipande kinavunjika kwa kilo 8 na unataka asilimia 60. Mzigo wa juu kilo 4.8, wa chini moja ya kumi yake kama kilo 0.5, usishuke mpaka sifuri maana springi italegea ianze kugonga. Tofauti ni kilo 4.3, kwaiyo tafuta springi ambayo ukiitundikia kilo 4.3 inarefuka sentimita 4. Tulizunguka sokoni Mwanga nusu siku na mizani mkononi tunajaribu springi za vitanda na za milango, watu wanatushangaa, ila tulipata.

Kuhesabu ndo raha yenyewe. Fungua kalkuleta, unganisha nyaya mbili kwenye kitufe cha = zipite kwenye swichi ya sumaku, sumaku bandika kwenye mkono wa mota. Bonyeza 1 + 1 alafu iache, kila mkono ukipita inajiongezea moja. Siyo kalkuleta zote zinakubali, jaribu dukani kwa kubonyeza = mfululizo uone kama namba inapanda.

Kwa mizunguko 45 kwa dakika unapata 2,700 kwa saa. Laki moja ni masaa 37. Milioni moja ni siku 15 na nusu usiku na mchana, na ndo maana tumetumia betri, umeme ukikatika saa nane usiku hutajua kalkuleta ilisimama wapi. Maabara zenye mashine ya hidroliki zikienda mara 10 kwa sekunde zinamaliza milioni ndani ya masaa 28, lakini hata wao kuna bei, ukiharakisha sana kule kusugua kwa nyuzi kunapasha kipande joto na unakuwa unapima kitu kingine. Utaratibu wao wa kuvuta na kuachia kwenye joto la kawaida umeandikwa kwenye ASTM C1360 (ASTM ni shirika la viwango vya vipimo), na ule wa kuvuta mara moja ni C1275. Sisi tunapinda badala ya kuvuta kwa hiyo namba zetu usizilinganishe na zao, linganisha A na B na C zako tu.

Hatua ya 5: pima ulegevu, achana na kuhesabu nyufa

Hapa ndo nataka utulie. Tengeneza mshale, fito nyepesi yenye egemeo, upande mfupi milimita 30 unagusa katikati ya kipande, upande mrefu milimita 600 unaelekea kwenye rula. Kipande kikishuka robo milimita ncha inasogea milimita 5.

Kabla ya kuwasha, ning'iniza chupa mbili za maji, kilo 3, soma mshale. Tuseme imesogea 6. Washa. Simamisha kwenye mzunguko wa 10, 100, 1,000, 10,000 na kuendelea, toa springi, ning'iniza chupa zilezile, soma tena. Ikisoma 9 maana yake ukakamavu, yani ule ubishi wake wa kupinda, umebaki theluthi mbili. Andika pia mshale unaposimama bila chupa kabisa, maana ukiona mwanzo wenyewe unahama kwenda chini ujue kipande hakirudi, ule unga umeshaanza kujaa kwenye nyufa.

Chora kwenye karatasi, chini weka 10, 100, 1,000 kwa nafasi sawa. Kipande chenye nyuzi kinachora kitu cha sehemu tatu. Mwanzo ukakamavu unaporomoka haraka, hizo ni nyufa zinazaliwa, usiogope. Alafu kunatulia, unakuwa na tambarare ndefu, nyufa zimeshajaa na kinachoendelea ni kusugua tu. Mwisho mstari unaanza tena kushuka, hapo nyuzi zenyewe zinakatika au zinachomoka na hauna muda mrefu. Kundi A halikupi haya yote, linakaa kimya, linakaa kimya, linavunjika.

Fanya mizigo mitatu, asilimia 80, 65 na 50, vipande vitatu kila mzigo. Kilichofika milioni bila kuvunjika kitoe, andika hakijavunjika, usikifute. Na A, B, C vikae chumba kimoja majira yaleyale, maana unyevu unaharakisha ufa kwenye kauri nyingi za oksidi kama kwenye kioo. Fundi vioo anayelowesha mstari kabla ya kukata anajua hilo bila kwenda chuo.

Hatua ya 6: moto

Kwa aliye na tanuri hii ndo ya kweli kuliko ya mota. Washa, ingiza kipande, kitoe kikiwa chekundu, kiache kipoe, huo ni mzunguko mmoja. Kama huna kipimajoto, weka kipande cha waya wa aluminiamu pembeni, unayeyuka nyuzijoto 660. Na ukitaka juu zaidi tia chumvi ya Uvinza kwenye kifuniko cha chuma, chumvi inayeyuka karibu na 800. Ikianza kulowa umefika, usipite. Isiguse kipande, chumvi iliyoyeyuka inakula simenti, na usivute moshi wake. Kila mizunguko mitano pima kwa chupa na mshale.

Kwetu C ilipovunjwa kwa ndoo ilikuwa dhaifu kuliko B, dogo akataka kuitupa. Kwenye moto B ikawa inaachia vipande pembeni pale waya ulipokaribia uso, C ikalegea mapema alafu ikatulia.

Usichukulie kwamba moto mwingi ndo mbaya zaidi kila mara. Kwenye zile kauri za injini kipimo kigumu mara nyingi kiko kwenye joto la kati, nyuzijoto 600 hadi 900 hivi. Nyufa zikiwa wazi hewa inaingia, kama tabaka la uzi ni kaboni linaungua linatoka, na glasi inayotokea inaweza kuugandisha uzi na mwili, uteleze wapi tena. Joto likipanda zaidi ile glasi inawahi kuziba mdomo wa ufa na ndani kunapona kwa muda. Ndo maana kilo za ile tik ya kwanza nilisema ziandikwe. Kwenye baridi kipande kinaweza kuishi sana hata ukikibebesha juu ya hapo. Kwenye moto wenye hewa, ukivuka hapo umefungua milango. Na mvuke wa maji nao unakula silika, yani ile glasi, kwaiyo vipande vya injini vinapakwa koti la kuzuia.

Hatua ya 7: angalia palipovunjika

Chukua simu, washa tochi, piga picha karibu kwa pembeni. Ukiona uso bapa kama chaki na waya zimekatika usawa uleule, mshiko ulikuwa mkali mno. Ukiona ndevu, waya zimechomoka zimesimama milimita kadhaa, nyuzi zilifanya kazi. Ndevu ndefu kupita kiasi na zinang'aa safi, mshiko ulikuwa hafifu, punguza nta. Pitisha kidole kwenye waya, ukikuta imekwaruzwa upande mmoja na kuna unga mweupe kwenye tundu, huo ndo mwisho wa kusugua unaouona kwa macho.

Ukuta wangu mpya wa kitanuri nimeujenga kwa C. Una nyufa tele na siku hizi sizigusi, napuliza tu vumbi na majivu kabla ya kuwasha, na kila mwisho wa mwezi nagonga kwa kijiti nisikie penye sauti ya debe. Hivi naandika kipande cha C cha asilimia 50 kiko kwenye mota, kalkuleta inasoma 412,906, na betri nasikia imeanza kuvuta kwa shida, ngoja nikaibadilishe.